Ruhusa ya Kuota

Watu wa Kibiti na vitongoji vyake wameishi tangu zama za mababu kwa ardhi mbili zisizofanana tabia: ile ya juu, yenye kichanga, inayozaa mikorosho, mihogo, minazi na miembe, na ile ya chini, ya tope jeusi la delta ya mto Rufiji, ambako mpunga hulimwa kwa hisani ya maji matamu na mikoko humea kwa hisani ya maji ya chumvi. Mimi ni mzaliwa wa Mtawanya, na kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa katika ardhi ya juu ilhali shamba la mpunga la ukoo wetu lilikuwa delta, utoto wangu ulikuwa wa kushuka na kupanda. Na katika kushuka na kupanda huko nilitambua, kabla sijajua kusoma, kwamba mbegu zina hiari zao. Iko mbegu ambayo ukiitia ardhini leo itakaa kimya hata ukate tamaa, na iko mbegu ambayo haikungojei wewe wala haiingojei ardhi, bali huota ingali juu ya mti. Mpunga wetu wa kienyeji ulikuwa wa jinsi ya kwanza, na mkoko ni wa jinsi ya pili. Ni nani aizuiaye ile, na ni nani aliyeipa ruhusa hii? Swali hilo nililitia mfukoni nikiwa mtoto, na nilikwenda nalo katika utumishi wangu wote wa kilimo.

Marehemu bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na desturi ambayo kijana wa leo, aliyezoea mbegu ya pakiti, ataiona kuwa ni taabu ya bure. Wakati wa mavuno, kabla wavunaji hawajaingia shambani, yeye alitangulia peke yake na kisu kidogo mkononi, akichagua masuke yaliyojaa na kuiva sawasawa, akiyakata pamoja na sehemu ya bua na kuyafunga mashada. Na mashada hayo hayakuchanganywa kamwe na mpunga wa chakula, bali yalipandishwa katika uchaga uliokuwa juu ya mafiga, mahali ambapo moshi na joto la moto wa kupikia viliyafikia asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, hata maganda yakakoza rangi kwa masizi. Sisi watoto tulidhani kazi ya moshi ule ni kuwafukuza fukusi, na kweli fukusi walifukuzika. Lakini bibi alikuwa na sababu ya pili, nayo hakuwa na haja ya kuieleza mpaka alipobishiwa.

Mbishi alikuwa mjomba wetu. Mwaka mmoja, mara baada ya mavuno, alipata kipande cha bonde ambacho maji yake yalikuwa hayajakauka, akaja na hamu ya kupanda papo hapo mpunga uleule uliotoka shambani.

“Mama, mbegu si hii hapa? Mpya, haijaguswa hata na mdudu.”

“Mwanangu, huo bado umenuna,” bibi akamjibu pasipo kuinua macho yake katika ungo. “Ukiutia majini utakutazama tu. Chukua wa mwaka jana, huo umekwisha kukubali.”

Mjomba, kwa ubishi wa ujana, aliuchukua wa mwaka jana na wa mwaka ule pia, akailoweka mbegu kila moja katika chungu chake. Ule wa zamani ulikuwa tayari kupandwa kabla wiki haijaisha. Ule mpya ulivimba kwa maji, ukang'aa, ukapendeza, na haukuota ila punje chache zilizotawanyika huku na huku, mithili ya watu waliosikia habari nusu. Mwishowe ukamwagiwa kuku.

Namna bibi alivyoiamsha mbegu iliyokwisha kukubali ilistahili kutazamwa kwa karibu, na mimi niliitazama. Aliiloweka kutwa na kucha, yakaelea juu yale mapepe yasiyo na kitu ndani, nayo akayaondoa. Kisha akaimimina mbegu katika pakacha lililotandikwa majani ya mgomba, akaifunika kwa majani mengine na gunia lililolowa, akaweka jiwe juu. Baada ya siku moja au mbili, ukipenyeza mkono chini ya gunia ulikuta joto, joto la kweli, la kitu kinachopumua. Ndipo punje zilipotoboa, na kilichotangulia kutoka ni mzizi: nukta nyeupe ncha ya punje, kisha uzi mfupi ulioinama kutafuta chini. Lakini punje zilizosahauliwa ndani ya chungu, chini ya maji, zilifanya kinyume chake. Hizo hazikutoa mzizi. Zilitoa kichipukizi cheupe, chembamba, kilichopanda juu kwa haraka kana kwamba kinakwenda kutafuta pumzi, na mzizi ukabaki ndani ukingoja. Mbegu za shamba moja, za suke moja pengine, zimelowekwa saa moja, na kila kundi limeamua lake. Niliona hivyo mara nyingi, na hakuna mkubwa aliyeniambia sababu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa nayo.

Sababu niliikuta Morogoro, katika Kitivo cha Kilimo kilichofunguliwa mwaka 1969, ambacho baadaye mwaka 1984 kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Huko tulifundishwa kwamba mmea, usio na ubongo wala mshipa wa fahamu, huendesha mambo yake kwa dawa chache unazozitengeneza wenyewe kwa kiasi kidogo mno, ziitwazo homoni, na kwamba katika mbegu mbili miongoni mwa hizo huvutana pasipo suluhu. Moja ni asidi ya absisiki, ambayo kazi yake ni kukataza. Mbegu inapokomaa katika suke au katika gunzi, asidi hii huongezeka ndani yake, ikakizuia kiinitete kisiote palepale, ikakisaidia kustahimili kukauka, ikakilaza. Ya pili ni jiberelini, ambayo kazi yake ni kuruhusu. Mbegu iliyovunwa leo imejaa katazo. Kadiri inavyokaa mahali pakavu penye joto, katazo hupungua nguvu, na usikivu wa kiinitete kwa katazo hupungua vilevile, mpaka siku moja ruhusa inapouzidi mzani na maji peke yake yakatosha kuamsha.

Nilipoisikia habari hiyo darasani nilikumbuka uchaga. Wataalamu wa mpunga wana kanuni yao ya kuikomesha hali ya kulala ya mbegu mpya: huitia katika tanuri la nyuzi 50 za Selsiasi kwa siku kadhaa, katika hewa kavu, ndipo waipime uotaji wake. Hilo ni jiko la bibi yangu lililopewa kipimajoto. Wala sisemi hivi kwa kuwatania wataalamu, maana nimekuwa mmoja wao. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuitawala athari pasipo kulijua jina la chanzo chake, na kwamba wazee wa delta, katika mambo ya homoni, walikuwa watendaji stadi muda mrefu kabla sisi hatujawa wasemaji stadi.

Habari ya kupatikana kwa jiberelini ni ya kusisimua, na kwetu sisi wakulima wa mpunga ina haki ya kujulikana kuliko kwa wengine, kwa sababu ilipatikana katika mpunga, tena katika mpunga mgonjwa. Wakulima wa Japani walikuwa wakisumbuliwa na maradhi waliyoyaita ya mche mpumbavu: mche uliopatwa nayo hurefuka kuliko wenzake wote kitaluni, mwembamba, wa kijani kilichopauka, na mtu asiyejua angeusifu, kisha huanguka, au hufa, au husimama pasipo kuzaa kitu. Mwaka 1926 mtaalamu Kurosawa Eiichi, aliyekuwa akifanya kazi katika kisiwa cha Taiwan, alithibitisha kwamba kuvu anayeleta maradhi hayo hutoa kitu fulani kinachorefusha, na kwamba kitu hicho hurefusha mche hata kuvu mwenyewe akiwa ameondolewa. Mwaka 1935 Yabuta Teijiro akakipa jina la jiberelini, na mwaka 1938, pamoja na Sumiki, akakipata katika hali ya fuwele. Vita vikaingia kati, na wataalamu wa Uingereza na Marekani hawakuishughulikia habari hiyo kwa bidii mpaka miaka ya 1950, ndipo ikadhihirika kwamba mimea iliyo na afya huitengeneza jiberelini yake yenyewe, kwa kipimo cha busara. Asidi ya absisiki ilichelewa zaidi: ilitafutwa na watu waliokuwa wakitafuta mambo mengine, baadhi yao Marekani katika matunda ya pamba yanayopukutika, wengine Wales katika majani ya miti inayolala wakati wa baridi, na mwaka 1965 ikafahamika kwamba wote wameshika kitu kimoja.

Ndani ya punje ya mpunga mambo huenda kwa utaratibu ufuatao. Maji yakiingia, kiinitete, ambacho ni kidogo na kimekaa pembeni mwa punje, hutoa jiberelini. Jiberelini husafiri hadi katika tabaka jembamba linaloizunguka akiba ya wanga. Tabaka hilo nalo, kwa kupokea amri hiyo, hutengeneza vimeng'enya, na mkuu wao ni amilesi, avunjaye wanga kuwa sukari. Sukari ndiyo nauli ya mzizi na kichipukizi. Mama anayeotesha ulezi au mtama, akauanika, akausaga kuwa kimea, anafanya biashara na amilesi hiyohiyo: kijiko kimoja cha unga wa kimea kikitiwa katika uji mzito wa mtoto, uji hulegea mbele ya macho yako pasipo kuongezwa maji, na mtoto mwenye tumbo dogo akaweza kunywa chakula kingi zaidi. Watafiti wa lishe wa Tanzania waliushughulikia unga huo kwa makini katika miaka ya 1980, na naona ni haki kusema kwamba hiyo ni miongoni mwa tunu ambazo sayansi yetu iliziokota jikoni na kuzirudisha jikoni zikiwa zimefafanuliwa.

Sasa niuendee mkoko, maana huo ndio ulionipa taabu ya fikira kuliko mpunga.

Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote wa pwani ya Afrika Mashariki, kiasi cha hekta elfu hamsini na ushei, na wazee wetu waliujua kwa majina ya miti yake kama mtu ajuavyo majirani: mkoko wenyewe, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana, mkomafi, msikundazi. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalipakia boriti humo, yakarudi na kusi mpaka Uarabuni, na nyumba nyingi za Ghuba ziliezekwa kwa miti iliyoota katika matope yetu. Mtoto aliyeshuka delta wakati maji yamekupwa aliweza kusimama chini ya mkoko na kulitazama tunda lake kwa karibu: juu, sehemu ya kahawia, ngumu, iliyoshikamana na tawi, chini yake, kijiti cha kijani kilichonyooka, chenye vidoadoa, kinachokuwa kila wiki mpaka kikatimiza shibiri mbili au zaidi, kinene upande wa chini kuliko wa juu. Kijiti hicho si tunda wala si mbegu. Ni mche. Mbegu yake imekwisha kuota zamani, ndani ya tunda, juu ya tawi, ikapasua na kutoka, na mama anaendelea kuinywesha. Wapandaji hungoja mpaka ionekane pete ya manjano mahali kijiti kinapokutana na kofia yake. Pete hiyo ikitokea, kijiti hutoka kwa kuguswa tu, na kilichokosa kuchumwa huanguka chenyewe. Baadhi hujichoma topeni palepale. Vingi huchukuliwa na maji, vikaelea wiki nyingi vimelala, kisha vikasimama wima, hata vikapata mahali pa kuteremsha mizizi.

Mkandaa na msinzi hufanya vivyo hivyo. Mchu hufanya kwa siri: mche wake huota ndani ya ganda la tunda na hauonekani mpaka tunda lianguke na ganda livuke. Mkomafi, katika tope lilelile, haufanyi hata kidogo, bali huzaa mbegu kubwa za kawaida. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba chumvi inalazimisha. Chumvi inashawishi, yumkini, lakini si sharti.

Je, katazo limekwenda wapi? Mwaka 1998 wataalamu wawili, Elizabeth Farnsworth wa Marekani na Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walitoa matokeo ya kupima asidi ya absisiki katika mikoko inayozaa miche na katika mimea ya ukoo wa karibu isiyozaa miche. Waliona kwamba katika viinitete vya mikoko ile inayoota mtini, asidi hiyo ni kidogo kuliko katika wenzao. Mkoko, basi, haukupewa ruhusa kubwa kuliko mpunga, umepunguziwa katazo. Na jambo hilo si geni hata katika shamba la mahindi, kwani zipo mbegu za mahindi zenye kasoro ya kurithi ambazo haziwezi kuitengeneza asidi hiyo, nazo huota zingali katika gunzi, kijani kikichungulia katikati ya punje. Kwa mhindi hiyo ni maafa, maana mche ule hufa pamoja na gunzi likikauka. Kwa mkoko ni maisha. Tope la delta hufunikwa na bahari mara mbili kwa siku, halina hewa, lina chumvi ambayo punje changa haiwezi kuinywa, na kitu kidogo kilicholala humo hakina hakika ya kukutwa kesho mahali kilipolala jana. Mche mrefu, mzito, uliokwisha kuota, una nafasi.

Lakini fadhila hiyo ina bei, na bei yake niliiona kwa macho katika kazi ya upandaji. Mbegu ya mpunga, kwa kuwa imekubali kukatazwa, inaweza kukaushwa, kufungwa, kusafirishwa, kuwekwa mwaka mzima, kuazimwa na kulipwa. Wakati serikali ilipowahamisha watu wa bonde la Rufiji kwenda vijiji vya juu mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko, akina mama walipanda na mbegu zao katika makapu, na mbegu zilingoja mpaka wao wenyewe waliposhuka tena kulima. Mche wa mkoko haungoji. Ukikauka umekufa, huwezi kuuweka ghalani kwa ajili ya mwaka ujao, wala kuuagiza kwa gunia kutoka mbali. Anayetaka kupanda mikoko sharti awe na mikoko iliyosimama karibu, yenye kuzaa, na afanye kazi kwa kalenda ya mti na si kwa kalenda ya bajeti. Nimeona fedha za mradi zikifika wakati miti haina kitu, na miti ikijaa wakati fedha zimekwisha, na kila upande ukaona mwenzake ndiye mwenye uzembe.

Narudi kwenye mpunga, kwa sababu kuota ni nusu tu ya safari, na nusu ya pili hutegemea homoni vilevile. Mpunga wetu wa zamani ulikuwa mrefu. Katika mwaka wa maji mengi, mtu aliyekaa juu ya dungu akiamia ndege aliona mashina yakipanda pamoja na mto, na wazee walisema kwamba mpunga unakimbizana na maji. Ni kweli tupu. Mche ukifunikwa na maji, hewa iitwayo ethilini, ambayo mmea huitengeneza siku zote na kuiachia ipeperuke, hukosa njia ya kutoka, ikajikusanya ndani. Ikikusanyika hupunguza asidi ya absisiki, na jiberelini ikapata uwanja, shina likarefuka. Jamii za mpunga wa maji marefu wa Asia huweza kurefuka kiasi cha sentimita 20 hadi 25 kwa siku moja. Mwaka 1966 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga iliyoko Ufilipino ilitoa mpunga mfupi, IR8, uliozaa sana kwa mbolea na haukuanguka kwa uzito wa masuke. Na mwaka 2002 ikabainika kwamba ufupi wake ulitokana na upungufu wa kurithi katika utengenezaji wa jiberelini. Mpunga wa aina hiyo ni neema katika jaruba lenye mifereji. Katika bonde ambalo mto ndio unaoamua, ufupi ni hatari, na wakulima wetu waliokuwa wakinisikiliza kwa adabu nilipokuwa nikiwasomea sifa za mbegu fupi, kisha wakaenda kupanda ndefu, hawakuwa wakaidi. Walikuwa wakifanya hesabu ambayo haikuwamo katika waraka wangu.

Walakini hata kukimbia si dawa pekee. Iko jeni, iliyotambuliwa mwaka 2006 katika mpunga wenye asili ya Bara Hindi, ambayo hufanya kinyume cha hayo yote: mche uliofunikwa na maji huzuiwa usirefuke, hutulia, hubana akiba yake ya chakula, na maji yakitoka baada ya wiki mbili huendelea na maisha, ilhali jirani yake aliyekimbia amechoka akafa. Kwa gharika fupi ya ghafla hiyo ndiyo busara. Kwa maji yanayokaa miezi, kurefuka ndiko busara. Nilikuwa nikiwauliza vijana niliowafundisha ni lipi wangelichagua kwa Rufiji, na aliyenipendeza ni yule aliyeniuliza kwanza: “Shamba la wapi, mwalimu?”

Ethilini yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1901, katika mji wa Saint Petersburg, mwanafunzi Dimitri Neljubow aliona kwamba miche ya njegere iliyoota gizani ndani ya maabara ilikuwa mifupi, minene, imelala upande, ilhali iliyoota katika hewa ya nje ilinyooka. Akafuatilia mpaka akakuta kwamba sababu ni hewa hiyo, iliyokuwa ikivuja kidogo kidogo kutoka katika gesi ya taa. Wakulima wa kunde wa Mtawanya wanaiona kazi yake kila msimu. Mvua ya kwanza ikipiga kichanga kisha jua likakikausha, hufanyika ukoko. Na mche wa kunde hauendi kuupasua ukoko huo kwa kichwa, bali hukunja shingo, ukausukuma kwa mgongo wa shingo, majani yakiwa yameelekezwa chini salama. Ukoko ukiwa mgumu, mche unaobanwa hutoa ethilini zaidi, shingo ikanenepa na kukaza mkunjo. Mwanga ukiufikia, mkunjo hunyooka. Charles Darwin na mwanawe Francis ndio waliochapisha mwaka 1880 majaribio ya kuivika vikofia miche ya nyasi ili isione mwanga, wakakuta kwamba ncha ndiyo ionayo na sehemu ya chini ndiyo ipindayo. Kitu kinachoteremka kutoka nchani na kuleta kupinda huko, auksini, kilinaswa na Frits Went wa Uholanzi katika miaka ya 1920.

Nazi naitaja kwa kupita tu, ingawa moyo hautaki. Maji ya dafu yametumiwa katika maabara za dunia tangu mwaka 1941, pale Johannes van Overbeek na wenzake walipoyatia katika chakula cha viinitete vichanga vilivyokuwa vikikataa kukua, navyo vikakua. Ndani yake mna homoni za jamii ya sitokinini, ziamuruzo chembe zigawanyike. Mtoto wa pwani aliyewahi kupasua nazi iliyoota akala joya alilokuta ndani, tamu, laini, limejaza nafasi ya maji, amekula kiungo ambacho mche hukikuza ili kufyonza akiba ya mama yake. Nasi tulikuwa tukizipasua zilizokusudiwa kupandwa, na hilo si la kusimulia mbele ya wenye minazi.

Liko jambo moja la giza zaidi. Mbegu ya kiduha, gugu linalonyonya mahindi na mtama, ni ndogo kama vumbi, na yaweza kukaa udongoni miaka mingi ikikataa maji, joto na kila kishawishi, mpaka ihisi kitu kinachovuja katika mizizi ya mmea ulio karibu. Kitu hicho kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1966 katika mizizi ya pamba, na mwaka 2008 ikajulikana kwamba jamii yake ni homoni ya mmea wenyewe, unayoitumia kupanga matawi yake. Kiduha kimejifunza kudukua siri ya jirani. Ruhusa yake haimo ndani yake hata kidogo. Huiba ya mwenziwe, kisha humwibia na chakula.

Siku hizi madukani huuzwa vichupa na vipakiti vya dawa za kukuzia, vingine vina homoni ya kweli na vingine vina maji na matumaini. Vijana huniletea nivisome. Sina ugomvi navyo: unga wa auksini husaidia vipandikizi vigumu kutoa mizizi, na jiberelini ina mahali pake katika mashamba ya zabibu. Kwa mbegu ya mpunga iliyokaa vizuri huwaambia waache. Mbegu nzima ina homoni yake, na anayeizidishia jiberelini katika kitalu atapata alichokiona Kurosawa.

Mwezi wa Aprili 2024, mto ulipofurika na kuingia katika vijiji vya Rufiji na Kibiti, magunia ya mpunga ya jamaa zangu wa delta yaliloa ghalani. Ulikuwa mpunga wa mwaka uliotangulia, umekwisha kupoteza katazo lake lote, na katika siku chache ulikuwa umeota ndani ya gunia, mizizi imefumana, joto linafukuta. Mpwa wangu aliyekimbilia kwangu Mtawanya alikuja na debe moja tu la mbegu lililonusurika, akaniuliza tulihifadhi wapi, maana nyumba yangu ina jiko la gesi na haina uchaga. Tuliliweka juu ya kabati, karibu na bati, ambapo joto la mchana hukausha hata mbao. Kabla hajarudi shambani tulihesabu punje mia, tukazikunja katika kanga kuukuu iliyolowa, na tulipoifunua nyingi mno zilikuwa zimetoa mzizi. Akaniambia, “Hii inatosha, mjomba,” akalifunga debe lake, akaenda kutafuta chombo cha kushukia delta.